Kwetu Muvi Hutoka Ikifika Nyumbani

Juzi nilikuwa duka la muvi hapa Likoni, nangoja flashi yangu ijazwe. Wakaingia vijana watatu, sare za shule bado mwilini. Mmoja akauliza, "Kaka, ile Odyssey ya Nolan ishatoka?"

Mwenye duka hata hakuinua macho kwa kompyuta. "Bado. Julai."

"Julai ya sinema ama Julai ya hapa?"

Jamaa akacheka. "Ya hapa ongeza miezi. Ukitaka ya kamera, wiki hiyo hiyo nitakuwa nayo. Ukitaka safi, ngoja."

Wale vijana wakashauriana kama watu wanaonunua shamba, halafu wakasema watangoja iliyo safi. Mmoja akaongeza kwamba muvi ya Nolan ukiiona na vichwa vya watu vikipita mbele ni dhambi. Wakatoka.

Hilo swali lilinifuata mpaka nyumbani. Julai ya sinema ama Julai ya hapa. Huyo mtoto ana miaka kama kumi na tano na tayari anajua kwamba muvi moja ina tarehe mbili, na yake ni ile ya pili. Hakuna aliyemfundisha. Mamangu pia alijua, babu alijua. Sisi wa bara hii ya Mombasa, wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tumengoja muvi kwa miaka mingi, na kungoja kwetu kuna historia yake. Leo nataka tuipitie. Post ni ndefu, nawaambia mapema. Kama uko kwenye feri itakutosha kuvuka na kurudi.

Tuanze na huyo Nolan, manake kuna wenye hawamfuatilii. Christopher Nolan ndiye aliyetengeneza The Dark Knight, Inception, Interstellar na Oppenheimer. Muvi yake mpya, The Odyssey, imepangwa kutoka Julai 17, 2026. Ni ile hadithi ya kale ya Wagiriki, ya mtu aliyetoka vitani na kuhangaika miaka kumi baharini akitafuta njia ya kurudi kwao. Matt Damon ndiye Odysseus. Imepigwa yote kwa kamera za IMAX, na kuna tiketi za kumbi fulani ziliuzwa mwaka mzima kabla ya muvi yenyewe, Julai 2025. Mwaka mzima! Mtu analipia kiti cha muvi ambayo haijamaliza kupigwa.

Nolan ana msimamo mmoja mkali: muvi ni ya ukumbini kwanza. Desemba 2020, wakati wa korona, kampuni ya Warner iliyokuwa imetoa Tenet yake ilitangaza kwamba muvi zake zote za 2021 zitaingia HBO Max siku ile ile zinapoingia sinema. Jamaa alikasirika waziwazi, na muvi iliyofuata akaipeleka Universal. Hiyo ndiyo Oppenheimer. Ilitoka Julai 21, 2023, na haikuruhusiwa kufika nyumbani kwa watu mpaka Novemba 21. Hesabu mwenyewe, ni siku 123. Ilipotoka kwa diski, Nolan aliwahimiza watu wanunue wawe nayo kabatini, ili isije siku kampuni ya mtandaoni ikaifuta na wao wakabaki mikono mitupu. Mashabiki wakamsikiliza, na ile diski ya 4K ikaisha madukani.

Kwa hiyo huko kwao kutoka nyumbani ni hatua ya pili. Kwanza ukumbi, halafu miezi ipite, halafu sebuleni. Shabiki wa kule anangoja diski ya kitu ambacho tayari amekiona.

Sisi twangoja diski ya kitu ambacho hatujakiona.

Kwa nini? Jibu la haraka ni pesa, na ni kweli. Lakini kabla ya pesa kuna maji.

Angalia ramani. Mombasa ya sinema za zamani ilikuwa kisiwani. Regal, Majestic, Naaz, Kenya Cinema, Moons, Lotus. Waulize wazee, watakutajia hayo majina kama wanaotaja wachezaji wa timu. Zote ziko ng'ambo. Wa Likoni lazima avuke feri. Wa Kisauni, kabla daraja la Nyali tulilo nalo halijafunguliwa 1980, alipita daraja la zamani lililoelea juu ya maji, na hilo lilikuwa la kulipia. Wa Changamwe ndiye aliyekuwa na afadhali, yeye ana Makupa, anaweza hata kutembea. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Likoni akivuka husema anaenda Mombasa, utafikiri hapa alipo ni nchi nyingine.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua bandarini na alipanga chumba Changamwe. Jumapili ndiyo siku yake ya sinema, na kwake sinema ilimaanisha ya Kihindi. Hakujua Kihindi hata cha kuombea maji. Lakini alijua Raj Kapoor. Awara ya 1951, ambayo Raj Kapoor mwenyewe aliiongoza na kuiigiza, ilipendwa pwani hii yote. Zanzibar na Dar watu walipanga foleni, na tiketi za Jumapili zikauzwa kwa magendo nje ya mlango. Babu alisema walikuwa wakisikia tu "kuna mpya ya Raj Kapoor yaja" basi wiki nzima kazini hakuna stori nyingine. Wanaibeba mizigo huku wanabishana itakuwaje, nani atakufa, nani ataolewa.

Sasa, nyanya hakuwa akienda. Ana watoto wadogo, nauli haipo, na muvi ikiisha jioni kurudi ni tabu. Kwa hiyo muvi ilimfikiaje? Kwa mdomo. Babu alirudi akamhadithia mwanzo mpaka mwisho, na majirani wakaja kusikiliza. Halafu ilimfikia kwa wimbo. Mnamjua Juma Bhalo? Gwiji wa taarabu wa Mombasa hii hii, aliyefariki 2014. Taarabu zake nyingi zilikuwa na mahadhi ya nyimbo za muvi za Kihindi, maneno ya Kiswahili chetu. Nyanya aliziimba zile sauti akiwa anakuna nazi, za muvi ambazo hakuwahi kuingia ukumbini kuziona hata siku moja.

Hapo ndipo ninapoanza kuhesabu historia yetu. Kabla ya kanda, kabla ya diski, muvi ilikuwa tayari inatoka nyumbani. Ilitoka ikiwa hadithi ya babu na wimbo wa harusini. Mtengenezaji wake, kule Bombay, hakujua kwamba kuna mwanamke Changamwe anaimba sauti zake.

Halafu zikaja deki. Miaka ya themanini, mwenye deki ya video mtaani alikuwa mtu mkubwa kuliko chifu. Shangazi yangu alikuwa msichana wakati huo, hapa Likoni. Anasema mtaa mzima ulikuwa na deki moja, na siku ya muvi watoto wanakaa mbele kwa mkeka, wanawake nyuma, wanaume wamesimama mlangoni wakijifanya wanapita tu. Kanda zilikodishwa kisiwani. Mtu anatumwa, anavuka feri, anachukua kanda ya usiku mmoja, na kesho yake lazima avuke tena airudishe, na aitanguze mpaka mwanzo la sivyo anapigwa faini. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini mvua ikinyesha, kanda ndani ya mfuko wa nailoni umeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, hiyo nayo ni gharama.

1989 ikatoka Maine Pyar Kiya. Mwongozaji alikuwa kijana, Sooraj Barjatya, na ndiyo muvi iliyompa jina Salman Khan. Shangazi aliimaliza ile kanda. Anasema deki ilikuwa ikijua yenyewe pa kusimama. Na kuanzia hapo akawa anangoja ya pili ya Barjatya. Angoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilichukua miaka mitano. Hum Aapke Hain Koun ilitoka Agosti 1994.

Na hapa ndipo stori inanoga. Barjatya na kampuni ya ukoo wao, Rajshri, waliamua kutotoa kanda. Walikuwa wamechoka na wizi wa video uliokuwa umeua sinema za India. Wakaizuia kanda makusudi, wakaanza na kumbi chache zenye sauti nzuri, ili familia zirudi kukaa kitini. Na zilirudi kweli. Ile muvi inahesabiwa miongoni mwa zilizoiokoa biashara ya sinema ya India. Yaani miaka 26 kabla ya Nolan kugombana na Warner, Barjatya alikuwa ashapigana vita hivyo hivyo na akashinda.

Lakini shangazi yangu wa Likoni alishindwa. Yeye hakuwa sehemu ya hesabu yao. Kanda ya halali haikuwepo, kwa hiyo ilipofika mtaani ilifika ya wizi, imepigwa ukumbini kwa kamera, rangi imepauka, na anasema katikati ya ule wimbo wa harusi kuna mtu alisimama akaenda chooni na kivuli chake kikapita juu ya uso wa Madhuri Dixit. Akailia hivyo hivyo. Mpaka leo akiiona kwa tivii ikiwa safi anasema kuna kitu kimepungua. Amezoea kile kivuli.

Nikiangalia nyuma naona wote wawili walikuwa na haki. Barjatya alikuwa na haki ya kulinda jasho lake. Na shangazi, aliyengoja miaka mitano, alikuwa na haki gani? Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeiandika popote. Ukizuia mlango wa nyumbani, mwenye ukumbi karibu atakuja ukumbini. Asiye na ukumbi ataingilia dirishani.

Miaka ya 2000 mambo yakageuka, na yakageuka kutoka kusini. Bongo Movie. Mimi nimezaliwa ndani ya hizo. Mamangu alikuwa na kabati la sidii na nusu yake ni Kanumba. Steven Kanumba alikuwa nyota, na pia alikuwa akiongoza. Hizi muvi za Tanzania zilikuwa na kitu ambacho Bombay na Hollywood hazikuwa nacho: hazikuwa na sinema za kupitia. Zilitengenezwa Dar, kampuni kama Steps Entertainment zikazitia kwa diski, na diski ikaenda moja kwa moja sebuleni kwako. Hakukuwa na tarehe mbili. Ya nyumbani ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Na lugha ni yetu, hakuna haja ya mtu kukuhadithia.

Ila walitupata kwa ujanja mwingine: Part 1 na Part 2. Muvi moja, diski mbili, kila moja na bei yake. Part 1 inaisha pale mume anafungua mlango wa chumba cha kulala. Basi. Maandishi yanapanda. Mamangu alikuwa akipiga kofi paja lake na kusema "Hawa watu wezi hawa," halafu kesho asubuhi ananituma nikaulize kama Part 2 ishaingia. Nikikumbuka utoto wangu wa Likoni nakumbuka hiyo njia ya kwenda dukani kuuliza, na jibu la "bado, mwambie mama wiki ijayo."

2011 Kanumba akatoa Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah wa Nigeria, na watu wakaona sasa huyu kijana anavuka mipaka, inayokuja itakuwa ya dunia. Aprili 7, 2012, akafariki, umri miaka 28. Dar walijaa watu mazishini mpaka wengine wakazimia. Huku kwetu mamangu alizima redio akakaa kimya jikoni. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza, "Sasa Part 2 itatoka?" Hakunijibu. Naona aibu nikikumbuka, lakini hilo ndilo lilikuwa swali la kila shabiki, sema mimi nililitoa kwa mdomo.

Upande wa pili wa mtaa kulikuwa na banda la video. Mabati, viti vya mbao, tivii moja, jua likiwaka mnaiva kama viazi. Huko ndiko nilikomsikia DJ Afro. Kama wewe ni Mkenya na humjui DJ Afro sijui ulilelewa wapi. Yeye anachukua muvi ya Kichina, ya Kihindi, ya Marekani, anazungumza juu yake kwa Kiswahili na Sheng, anawapa waigizaji majina, anawakejeli, anakueleza nani ni nani. Tanzania kabla yake kulikuwa na Lufufu aliyefanya kazi hiyo hiyo, na Uganda wao wanawaita VJ. Watu waliosoma huwacheka. Mimi nasema hao ndio babu yangu, sema wana maikrofoni. Ni yule yule mtu aliyerudi kutoka ng'ambo akawahadithia waliobaki.

Kuna mwongozaji mmoja wa Kenya aliyeliona hili na kuliheshimu. Likarion Wainaina, katika Supa Modo ya 2018. Ni muvi ya msichana mdogo mgonjwa anayependa muvi za mashujaa, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea muvi yake. Na ndani yake yumo jamaa wa kuonyesha na kutafsiri muvi kijijini, kama wale wa kwetu. Ilionyeshwa Berlin, Kenya ikaipeleka kuwania Oscar. Nilipoiona nilijiambia, kumbe banda letu la mabati linaweza kuwa ndani ya muvi.

Hiyo ndiyo iliyoniharibu, ama ilinitengeneza, sijui. Mwaka uo huo niliamua nitakuwa mtu wa kamera.

Sasa tufike leo. Netflix iliingia Kenya Januari 2016. Septemba 2021 wakatuwekea ya bure kwa simu za Android, na Novemba 2023 wakaifunga. Wengi wetu tuliingia kwa ule mlango na tukatolewa kwa ule ule. Sinema tunayo bara siku hizi, Nyali Cinemax, na ni nzuri. Lakini kutoka Likoni mpaka Nyali ni kuvuka kisiwa chote, feri upande huu na daraja upande ule. Tiketi, nauli, kitu cha kutafuna, halafu usiku unarudi unangoja feri ambazo zimepungua. Kwa familia ya watu watano hiyo ni bajeti ya wiki. Kwa hiyo kilichobaki ni duka la muvi. Kompyuta moja, kava zimebandikwa ukutani, unaleta flashi, kila muvi bob kadhaa.

Na wote twajua zile muvi hazikulipiwa. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2001. Mwenye duka ajua, mimi najua, wewe ajuaye zaidi ni wewe mwenye flashi mfukoni sa hii. Twaendelea kwa sababu twaamini tunayemwibia yuko mbali na ni tajiri. Nolan hatahisi bob ishirini za Likoni.

Mimi pia niliamini hivyo mpaka mwaka jana.

Wanaonifuata tangu zamani wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, lakini nisiwadanganye, hata moyo ulikuwa ushatoka. Nikarudi nyumbani, mamangu akanyamaza nami mwezi mzima. Ile pesa kidogo niliyokuwa nayo, pamoja na simu moja nzuri ya rafiki wa Kisauni na taa za jamaa wa Changamwe anayepiga picha za harusi, tukatengeneza muvi fupi. Dakika 19. Ni ya msichana anayeuza viazi karai karibu na kivuko na anangoja mtu ambaye kila feri ikija hayumo. Tuliipiga usiku kumi na moja. Mamangu alitupikia. Ndiyo siku aliyoanza tena kuzungumza nami vizuri.

Tulipanga tuionyeshe kwanza ukumbini kwa watu wa mtaa, kiingilio bob mia, halafu mwezi baadaye tuitoe mtandaoni. Nikajiona Nolan. Ukumbi kwanza! Wiki mbili kabla ya hiyo siku nikaingia duka la muvi, si hili la juzi, jingine. Nikaona kwa ukuta karatasi imeandikwa kwa kalamu: MUVI YA LIKONI KALI SANA. Nikamwambia aicheze. Ilikuwa yangu. Hata rangi hatukuwa tumemaliza kurekebisha. Mmoja wetu alikuwa amempa binamu yake, binamu akampa rafiki, na flashi haina siri.

Nikamwuliza anauzaje. Akasema hamsini, kwa sababu inauliziwa. Hamsini! Ya Hollywood ishirini, yangu hamsini. Sikujua nilie ama nicheke. Nikamwambia mimi ndiye nimeitengeneza. Akaniangalia vizuri, akasimama, akanipa mkono. "Wewe ndiye mwenyewe? Mdogo wangu, hongera. Hii imetembea mpaka Ukunda." Akamtuma mtoto aniletee soda. Yaani ameniibia, ananipongeza, na ananinunulia soda, yote kwa dakika moja, na moyo wake ni safi kabisa.

Niliinywa ile soda nikiwa na hasira ya Barjatya na aibu ya shangazi. Manake ningemwambia nini? Mimi niliyekua kwa madirisha kama lake? Kila nilichojua kuhusu kamera nilikipata kwa muvi nilizonunua kwa watu kama yeye. Na yeye aliweza kuifikisha Ukunda ndani ya wiki mbili, kitu ambacho mimi na ukumbi wangu wa bob mia tusingeweza kwa mwaka.

Usiku ule nikakumbuka Wakaliwood. Kampala, mtaa wa Wakaliga, kuna jamaa anaitwa Nabwana I.G.G. 2010 alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa pesa za kuokoteza, bunduki za vyuma chakavu, na vionjo vyake vikasambaa YouTube dunia nzima. Lakini pesa yake ya kwanza haikutoka YouTube. Waigizaji wenyewe walizunguka mitaani na diski mkononi, nyumba kwa nyumba, wakiuza haraka kabla ya wezi hawajainakili, na kila aliyeuza alikuwa na fungu lake. Na jambo jingine: ile muvi ilivyokuwa mwanzo, bila msimulizi, haipo tena. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, akafuta ili apate pa kutengenezea nyingine. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Nakala ya watu wa kawaida ndiyo iliyoiokoa muvi.

Kesho yake nikarudi kwa yule jamaa. Nikamletea nakala iliyokamilika, rangi safi, sauti safi, na kava ya kweli. Nikamwambia, "Kaka, uza hii. Hamsini ile ile. Ishirini na tano yangu, tuma kwa M-Pesa kila Ijumaa. Ile mbovu ifute." Akafikiri. Akauliza, "Na hao wengine?" Nikasema nitawaendea mmoja mmoja.

Niliwaendea saba, Likoni, Kisauni na Changamwe. Watatu walikubali. Wawili walinifukuza, mmoja akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Wawili walisema ndiyo na hawajawahi kutuma hata shilingi. Wiki tatu za kwanza, kwa wale watatu, ziliuzwa nakala 46. Nilipata 1,150. Siyo pesa ya kumaliza karo. Ukiigawa kwa watu sita tuliofanya kazi hata nauli haitoshi. Sijawaletea hapa stori ya mafanikio.

Lakini ndiyo pesa ya kwanza ninayoijua mimi katika hii historia yote iliyotoka sebuleni kwa mtu wa bara ikarudi kwa aliyetengeneza. Babu alilipa tiketi kisiwani, nyanya hakulipa wimbo. Shangazi alilipa mwizi. Mamangu alilipa Part 1 na Part 2, na Mungu pekee ajua ngapi zilikuwa halali. Miaka sabini hivi ya mapenzi ya muvi, na mapenzi hayo hayajawahi kumfikia mtengenezaji hata mmoja kwa njia ambayo angeweza kuiona akajua kuna watu hapa.

Nafikiri ndiyo sababu pwani yetu ina watazamaji wengi hivi na waongozaji wachache hivi. Mwenye ukumbi anaheshimiwa, mwenye mtandao anaheshimiwa, lakini mlango wetu halisi, lile duka la bob ishirini, hakuna aliyewahi kukaa nalo chini wakaelewana. Serikali inakuja na msako, inabeba kompyuta, kesho duka lafunguliwa nyumba ya tatu. Hakuna anayeuliza: hawa wanajua kila mtaa unapenda nini, mbona tusiwauzie halali?

Sasa nawaomba vitu viwili tu. Kama una duka la muvi, tenga rafu moja ya muvi za watoto wa hapa, na umlipe mwenyewe nusu. Nolan na wenzake tutazungumza siku nyingine. Kama wewe ni mnunuzi, ukiona muvi ya hapa ukutani uliza swali moja kabla hujatoa flashi: "Mwenyewe anapata?" Likiulizwa na watu kumi kwa siku, mwenye duka atatafuta jibu.

Wale vijana watatu watangoja Odyssey yao mpaka iwe safi. Nami nitangoja nao, siwezi kujifanya mtakatifu leo. Ile hadithi yenyewe, kabla haijaandikwa, ilikuwa ikisimuliwa kwa mdomo na waimbaji waliotoka mji mmoja kwenda mwingine. Juma Bhalo na DJ Afro wangeelewana nao vizuri sana.

Ya kwangu ya pili twaanza kupiga baada ya mvua. Mamangu ashauliza kama itakuwa na Part 2. Nimemwambia hapana, itaisha siku hiyo hiyo. Hajaniamini.